Mtoto wa Jicho

Pale Pongwe, nyuma ya korona,
mkonge ukishapigwa brashi hulazwa mezani,
na Mwantumu Shembilu huuinua mshiko kwa mshiko,
hutazama,
husema: Kwanza. Tatu. Kwanza. Pili. Hii takataka, tupa.
Miaka ishirini na saba.

Mimi nililetwa na kamera.
Nipige picha, niandike anachotamka,
niulishe mtambo uliomo kwenye kisanduku
kisichozidi kopo la mafuta ya kupikia.
Picha elfu sita, shilingi hamsini kila picha.
Hakuuliza mtambo ni nini.
Aliuliza kama nao hupewa likizo.

Ukajua. Wallahi ukajua.
Mkanda ukapita, taa ikamulika,
daraja likatajwa kabla hujapepesa kope.
Meza nane zikabaki mbili.
Agizo likiingia usiku, alfajiri lori liko getini,
marobota yanashuka bandarini kwa hesabu isiyopotea hata moja,
na mnunuzi, mtu wa barua ndefu, mgomvi,
ghafla akawa mpole.
Miezi minane ya upole.
Hapo ndipo tungeshtuka.

Mwantumu alikuwa Bombo.
Jicho la kulia, kisha la kushoto.
Daktari alitoa ukungu ambao mwenyewe hakujua anao,
maana ulimjia polepole,
kama rangi ya majani ya chai inavyoingia kwenye maji.

Alirudi Jumatatu na miwani myeusi.
Akapita ghalani, akasimama.
Kwenye robota lenye mhuri wa Pili
akachomoa uzi, akaupeleka mlangoni penye jua,
akaisukuma miwani juu ya paji.
"Hii ni Kwanza. Nyeupe pe! Nani kaiita Pili?"

Nikafungua kompyuta nimwonyeshe mkosaji.
Picha ya elfu mbili mia moja na kumi na nne:
neno lake, mwandiko wangu.
Inayofuata, vivyo hivyo.
Inayofuata.
"Wewe, mama."

Nje korona inakoroma.
Ukungu wake umetupwa na pamba za hospitali;
nakala yake tuliitunza sisi,
imo kisandukuni, haichoki, haiendi likizo,
inautazama mkonge wote
kwa macho ya mwanamke aliyekuwa akipofuka.
Tani kwa tani tumeuza weupe
kwa bei ya manjano.

Akacheka. Sikutegemea.
Akashika upindo wa kanga, akaifuta lenzi
taratibu, kama unavyomtoa mtoto tongotongo.
"Kumbe nimezaa uzeeni," akasema.
"Mtoto wa jicho. Naye apelekwe Bombo."

Kisha akavuta kigoda, akakaa.
"Haya. Ni elfu sita tena?"
Elfu sita.
"Na bei ni hamsini ileile?"

Nikatazama ofisi ya meneja.
Mlango umefungwa, ndani feni inazunguka.
Nikawasha kamera, nikaizima.
Yeye ameshika mshiko wa kwanza mkononi,
anaungoja mdomo wangu, hasemi daraja.