Zamu Mbili

Jino la Nyamizi limeng'oka leo, Isevya,
si kwa koleo langu la hospitali ya Kitete,
ila kwa gunzi la hindi la kuchoma.
Akalirusha paani. Ti! Likateleza kwenye bati,
likatumbukia ndoo ya maji.
"Mjusi, mjusi, shika hili bovu, nipe jipya!"
Akarusha tena. Mara hii likabaki.

Sikumwambia kwamba amebisha hodi
kwa mwenye mali hasa.
Mjusi wa ukutani ana ghala lisilofungwa:
linang'oka, linaota, linang'oka, linaota,
yote sura moja, vijiti vya kushikia nzi,
ya juu hayajawahi kujuana na ya chini.

Sisi tulifanya biashara nyingine.
Kabla mti wowote haujachanua ua la kwanza,
mnyama wa kimo cha panya, mwenye manyoya na haraka,
alikubali zamu mbili tu,
ili gego la juu likutane na gego la chini
kama kinu na mchi vilivyozeeka pamoja.
Wanawe walizaliwa vibogoyo, akawapa ziwa;
taya likapata muda wa kukua
kabla ya kudaiwa meno.
Na mifupa miwili iliyokosa kazi nyuma ya taya
ikahamia sikioni, ikajifunza kusikiliza.
Ndiyo maana nilisikia ile ti! juu ya bati.

Niliyasoma haya chuoni, katika vitabu vya kuazima:
wiki ya sita tumboni, ufizi unanenepa,
chipukizi, kisha kofia, kisha kengele,
na ndani ya kengele safu mbili za waashi
zinazotazamana, zinajenga, zinarudi nyuma
kila moja kwao.
Waashi wa nje hufa jino linapotokeza.
Hakuna wa kumwita aje kupiga lipu tena.
Basi mnaponiona nagombeza watu kwa ajili ya soda,
msinione mkali.

Mama yangu Kalunde alikuwa jikoni, anamumunya kiazi.
Babu yake alibeba pembe kutoka Kwihara hadi pwani,
miezi mitatu, bega likaota sugu.
Pembe! Tuliita pembe.
Ni jino, mama, jino la mbele la ndovu
lililokataa kuacha kukua.
Mzee wetu alitembea na jino la mwingine begani
likawe mpini wa kisu
mezani pa mtu asiyejua Unyanyembe iko wapi.
Na magego ya ndovu hupanga foleni kutokea nyuma,
sita kila upande;
moja likisagika linasukumwa, linalofuata linasogea.
La sita likiisha, anasimama katikati ya majani
ana njaa.

"Afadhali mimi," akasema. "Nina uji."

Nimempimia meno ya bandia mara mbili.
Mara mbili ameyafungia kabatini
pamoja na risiti za umeme.
"Jino la pembe si dawa ya pengo."
Nimeisikia tangu nikiwa na meno ya utoto,
leo ndiyo kwanza nikacheka:
methali imelaza jino na pembe mkeka mmoja
muda mrefu kabla ya chuo changu.

Usiku nikamulika kinywa cha Nyamizi kwa simu.
Pengo. Damu kidogo. Na chini yake msumeno mweupe,
vinundu vitatu tu.
Lilianza kujengwa akiwa na miezi minne,
enzi zile nambeba mgongoni, umeme umekatika,
nampeleka kwa mama nikawahi zamu ya usiku.
Limengoja gizani miaka sita,
halikuuliza.

"Mjusi ameshaleta?"
"Ameshaleta. Lakini hili ndilo la mwisho."

Akafumba mdomo polepole,
kama mtu aliyekabidhiwa yai.