Taarifa kwa Mweka Hazina

Baba, naandika kwenye daftari lako lile la mistari myekundu,
lenye jina la chama cha kahawa na doa la chai,
maana najua hutalala vizuri huko
bila kusomewa mapato na matumizi.

Jeneza: fundi alitaka laki sita.
Mama akamwambia, "Marehemu ni mfupi."
Akapunguza elfu hamsini. Usikasirike.
Ulikuwa mfupi.

Maturubai mawili, moja linavuja;
chini ya lile linalovuja tuliwaketisha wakwe.
Ng'ombe mmoja. Mtori, sufuria nne. Mbege
haikuandikwa, kwa sababu ya mchungaji.
Mlima ulijifunika kutwa nzima,
na wale wageni wa Dodoma, nadhani,
waliulilia mlima kuliko wewe.

Sasa lile jambo lenye utata.
Baba mdogo Ndeshau alisimama na wasifu wako,
miwani puani, akasoma: "Aliugua kwa muda mfupi."
Muda mfupi!
Miaka mitatu ya kushuka Moshi na kupanda Machame,
mrija, mfuko, aibu ya mfuko chini ya koti,
na ile asubuhi muuguzi alipokuuliza
maumivu ni mangapi, kati ya moja na kumi,
nawe ukamuuliza hiyo kumi ni shilingi ngapi.
Wewe ndiye uliyenifundisha lile neno.
"Litamke, Aikande. Halina meno."
Basi nikakichukua kipaza sauti, nikasema:
Ni saratani. Ya tezi dume.
Na nyie wanaume mliokaa kule nyuma, mkapime.

Kimya.
Hata migomba iliacha kupepea.
Mzee Kileo akakunja miguu.
Shangazi akanivuta sketi, nikae.

Ndipo akatokea Namkunda, Mpare wako wa Usangi,
mliyegombana miaka thelathini kwa deni la kuku mmoja.
Kavaa koti lako, ndani nje.
Mikono nyuma, tumbo mbele, mwendo ule ule wako,
anapita kati ya waombolezaji akiuliza,
"Wewe umechanga? Na wewe? Stakabadhi iko wapi?"
Akaingia sebuleni hadi kwenye jeneza, akainama.
"Huyu Mchaga haaminiki," akasema,
"anaweza kuwa anakwepa deni langu."
Akachomoa shilingi mia
akaiachia.

Ililia, baba.
Ilizunguka kwenye saruji uliyoimwaga mwenyewe
mwaka ule wa mvua kubwa,
ikazunguka, ikazunguka,
ikalala chini ya jeneza.
Watu walicheka. Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka.
Nami nilikuwa nacheka, macho yangu kwenye kope zako,
nikisubiri. Nisamehe, nilisubiri.

Shilingi mia, na hukugeuka.

Hapo ndipo nilipojua.
Si kule hospitali, waliponipa karatasi nisaini,
si mochwari, nilipokuchagulia tai.
Hapo.
Kicheko kikanikwama kooni kama mfupa wa samaki,
na Namkunda akanidaka ndani ya koti lako
lenye harufu ya ugoro na peremende,
na kati yetu wawili
yeye ndiye aliyelia kwanza.

Matanga yalipokwisha alirudi, anadai mia yake.
"Nilisema nampima, sikusema nampa."
Nimemnyima. Ameapa kunipeleka baraza la kata;
atauza mbuzi apate nauli ya kesi, unamjua.
Nimemwambia aje Jumapili, tugombane vizuri,
ale na ndizi.

Mapato nimejumlisha. Matumizi nimejumlisha.
Ndeshau hasemi nami bado, hilo halina safu yake.
Mzee Kileo alienda kupima. Alinong'ona tu,
pale dukani, akinunua chumvi,
kisha akaondoka bila chumvi.

Hesabu haifungi, baba.
Kuna mia moja imezidi.
Wewe ungekesha ukiitafuta.
Mimi nimezima taa.