Nusu Lita

Juzi, saa tatu usiku, Mbarara,
umeme ukiwa umerudi nusu mtaa na kutuacha sisi,
nilifungua faili niliyoiandika nikiwa na miaka ishirini na minne
na majivuno ya mtu aliyemaliza chuo mwezi uliopita.
Jina lake: malipo_mapya_ya_mwisho_kweli_3.
Mistari elfu moja na mia mbili, kitendaji kimoja,
kama nguo za familia nzima zilizofungwa katika shuka moja
usiku wa kuhama.

Ndani humo vigeu: a, aa, x, x2,
na kimoja nilichokiita basi.
Kigeu, kigeugeu. Asubuhi ni lita, mchana ni shilingi,
jioni ni idadi ya ng'ombe.
Jina jema hung'aa gizani, tuliimbishwa shuleni.
Nilipapasa kwa mwanga wa kioo
na hakuna jina lililong'aa.

Aliyenirudisha humo ni Tumuhairwe,
kijana wa pikipiki, mitungi miwili ya alumini kila alfajiri
hadi kituo cha kupozea maziwa kule Rushere.
Ana daftari, kurasa tisini na sita, jalada lina twiga.
Daftari linasema thelathini na nane na nusu.
Programu yangu inasema thelathini na nane.
Na juzi yake vivyo hivyo. Na mwaka jana.
Hakupiga kelele. Aliuliza tu:
"Mama programu, nusu yangu huwa mnaiweka wapi?"

Mstari wa 847. Nilikata desimali
ili safu zipendeze kwenye ripoti ya meneja.
Ili zipendeze.
Siku mia sita na kumi; kila siku nusu, au robo, au robo tatu:
lita mia mbili tisini na saba.
Haba na haba hujaza kibaba;
sikuwahi kufikiri kwamba hukimwaga vilevile.

Ningeweza kubandika kiraka pale pale,
nifunge kompyuta, niende nikale.
Nimeishi kwa viraka. Suruali ya viraka
siku ya mvua hukumbuka kila tundu.

Nikamwita Amoding.
Mimi nina miaka sita kazini, yeye miwili;
ni mimi niliyemwonyesha seva inavyofunguliwa
na kibanda cha rolex isiyoogelea kwenye mafuta.
Mficha uchi hazai. Nikamgeuzia kioo.

Hakucheka. Ingekuwa heri angecheka.
Alisoma akishuka taratibu, mstari kwa mstari,
kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia bila viatu,
kisha akasema, "Tusiguse kitu.
Kwanza tuandike jaribio linaloshindwa."

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichokijenga usiku ule
kilikuwa ushahidi dhidi yangu:
zikiingia 38.5, zitoke 38.5.
Jekundu.
Tukalitazama, sote wawili, betri ikiwa asilimia arobaini.

Ndipo tukakata. Mapokezi ya maziwa huku,
bei kule, makato ya chama peke yake,
na ripoti ya meneja mwisho kabisa,
ijipambe itakavyo bila kugusa jasho la mtu.
Tulifuta mistari mia tisa. Mingine niliiaga kwa jina.
Mingine haikuwa na jina.
Saa nane na dakika kumi, betri asilimia sita, kijani.

Kwenye fomu ya tathmini kuna kisanduku: Umekua vipi mwaka huu?
Huwa najaza vyeti, kozi ya wiki sita, lugha mpya.
Safari hii nimeandika jina la jaribio tu:
nusu_ya_tumuhairwe_iko_wapi.
Meneja ameizungushia kalamu nyekundu, anataka maelezo.

Tumuhairwe hajalipwa bado. Hundi inangoja sahihi ya pili.
Lakini kila alfajiri, kabla mitungi haijateremshwa,
mashine inauliza swali lake, neno kwa neno,
nami nasubiri jibu nikiwa nimesimama.