Maboga Ishirini na Moja

Hakuuliza bei mara mbili.
Alihesabu noti juu ya kiti cha pikipiki,
akajaza magunia kwa maboga yangu ishirini na moja,
akauliza tu: "Tembo wenu hupita wapi?"

Nikamwonyesha. Kwa kidole. Kwa furaha.
Msimu ule walikula mahindi yangu hadi mabua,
wakaliangusha dungu na Likwata akiwa juu yake,
debe bado mkononi.
Nyonga haijaunga mpaka leo.
Bwana Nyamapori wa Liwale alisema nijaze fomu.
Nilijaza.

Siku ya nne upepo ukaleta harufu.
Jike alikuwa amepiga magoti
hatua kumi kabla ya maji ya Matandu,
uso umechongwa kwa shoka,
na mtoto wake anamsukuma, anamsukuma,
kama mtu anayemwamsha mama alfajiri.
Tai walioshuka kula hawakuruka tena.

Na mchangani, kipande cha boga.
Nalijua, lina kovu la jembe langu.
Lilitobolewa, likatiwa kitu,
likazibwa kwa nyama yake lenyewe,
kazi safi, kazi ya fundi.

Noti zile zilinunua bati sita.
Mvua ikinyesha nazisikia moja moja.

Jana usiku wamerudi, wachache.
Nimetoka na debe na mwiko,
nikasimama penye umande.
Wakala mstari wa kwanza.
Wakala wa pili.

Ndani, Somoe anauliza:
"Mama, mbona hupigi?"