Tundu la Pili, Tundu la Tatu

Saa nne usiku, Valdecuria. Mvua ya Asturia
hainyeshi, inakaa tu hewani
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.
Gari liko juu ya stendi nne.
Enol kashika tochi. Ana miaka tisa;
mkono ukimchoka, mwanga unashuka hadi kwenye viatu vyangu.
"Juu kidogo," namwambia. "Mama anatafuta tundu."

Nondo ya stabilaiza ya nyuma ina matundu matatu kila ncha.
La kwanza, la nje kabisa, ni laini:
mkono mrefu, chuma kinakubali kujinyonga.
La tatu ni gumu: mkono mfupi, hakuna mjadala.
La pili ni la kati,
na wengi huiacha nondo hapo maisha yao yote
wakidhani wamechagua.

Nel anataka la tatu.
Amesimama mlangoni na chupa ya mvinyo wa tofaa, hanywi.
"Mwaka jana, kona ya kanisa, pua ilinyoosha.
Nakata usukani, gari linanijibu: kata wewe."
Ni kweli. Gari linalovutwa na miguu ya mbele
ni kaidi mpaka ulikaze nyuma,
gurudumu la ndani linyanyuke kama mbwa kwenye nguzo,
ndipo pua inapokumbuka kona iko wapi.

Lakini leo asubuhi niliipanda njia ile kwa miguu.
Ukishavuka daraja, lami imemeguka upande wa kulia tu,
na trekta la Maruxa limemwaga tope hadi kwenye kalivati.
Nondo ngumu haitunzi siri:
pigo la kulia hulipeleka kushoto.
Huyu akiingia shimoni, mwenzake anaruka.

Hilo nililijua kabla sijashika spana.
Miaka kumi na moja tulifungwa kwa bolti mbili, mimi na Nel;
akijikwaa yeye, goti lililovimba lilikuwa langu.
Hakimu wa Oviedo alifungua bolti.
Nyumba tuligawana, sahani tuligawana,
hata yule paka alipata mwenyewe.
Gari lilibaki. Nusu ya gari haipandi mlima.

"Basi tufunge ile nene," anasema. "Ishirini na nne."
Milimita mbili tu, Nel. Kwa macho ni unene wa sarafu.
Kwa chuma ni ugumu unaopanda zaidi ya theluthi,
maana unene haujumlishwi,
unajizidisha wenyewe kwa wenyewe, mara nne.
Na kesho kuna maji.
Tairi kwenye maji huombwa, haliamrishwi.

"Unaniogopea."
"Naliogopea gari."
Tochi inashuka hadi sakafuni, inakaa huko.

Kuna hila ambayo haimo kwenye karatasi ya kiwanda.
Naiomba spana namba kumi na tatu.
Linki ya kulia naitia tundu la pili.
Linki ya kushoto, la tatu.
Nel anachungulia: "Umekosea."
Sijakosea. Nondo haijui kushoto wala kulia,
inajua kujinyonga tu,
na itajinyonga katikati ya neno lako na langu
bila kuuliza nani kashinda.

Bolti za bushi sizikazi gari likiwa hewani.
Tunalishusha kwanza, likalie miguu yake,
uzito urudi mahali pake; mpira uliokazwa ukining'inia
hukaa umepindika siku zote.
Nel anaegemea buti kwa mikono miwili, analibonyeza, analiachia.
Linapanda mara moja, linatulia.
Hasemi kitu. Anamvua Enol koti lenye grisi.

Kesho saa tatu nitasimama kona ya kanisa
nikilitazama gurudumu la ndani, la nyuma.
Likinyanyuka kidole kimoja, sawa.
Likinyanyuka kiganja,
tulikosea wote wawili, nusu kwa nusu.