Breki ya Mpira

Saa tisa usiku Katembo anateremka tena kutoka Kibumba.
Chukudu yake iko nje, imefungwa mnyororo kwenye jiwe jeusi la volkeno;
mwenyewe yuko hapa, chali, kama gunia lililokwisha kushushwa.
Lakini macho!
Chini ya kope yanakimbia, yanahesabu mashimo ya barabara.

Mchana nimeshamtazama:
goti la kulia juu ya kandambili iliyopigiliwa ubaoni,
mguu wa kushoto unasukuma, unasukuma,
na mteremko ukikaza, kisigino kinakanyaga kipande cha tairi
hadi gurudumu la nyuma linalia.
Jioni anarudi ananuka mpira ulioungua.

Usiku ubongo unampakia mzigo uleule:
viazi gunia sita, mvua, lori la mchanga mbele.
Amri zinatoka za moto kama za mchana,
sukuma! inama! kanyaga!
zinafika hapa nyuma ya shingo, ninapompaka mafuta,
zinakuta bariere imeshushwa.
Bariere pekee katika mkoa huu isiyokula rushwa.
Kinachopenya ni kidole gumba cha mguu tu,
kinatikisika chini ya shuka kama mfanya magendo.

Asubuhi ataniambia: Kyakimwa, nilikanyaga breki,
mguu ukawa uji.
Nitamwambia: kunywa chai.

Ila nyuma ya ukuta wa mbao analala baba yake.
Mchana Mzee Syauswa husimama kizingitini muda wa kuchemsha maharage,
mguu umegoma, mkono unatetemeka,
kifungo kimoja cha shati ni safari ya Butembo.
Usiku, bariere yake imevunjika.
Anakimbia kitandani! Anapiga teke, anarusha ngumi,
anaita watoto watoke, lava imefika Birere,
na sauti haikwami, na miguu ni ya kijana.
Muuguzi Nzanzu alisema mpira wa breki umelika,
kisha akaniuliza, polepole,
kama mume wangu naye hupiga teke.

Nikasema hapana.
Sasa nimeweka kiganja juu ya wayo wa Katembo.
Kidole kinacheza. Kimetulia. Kinacheza.
Upande wa pili mzee anakimbia vizuri sana,
na mimi sijui kama nimwamshe,
arudi kuwa mzito.