Zipu

Nilimwita Zipu kwa sababu ya meno:
madogo, yamepangana, na yakishafunga
hayafunguki mpaka uyabembeleze.
Alitoka ndani ya robota la mitumba, Gikomba,
katikati ya suruali za watoto,
macho bado na ukungu, mama hajulikani,
ndugu hawajulikani.
Muuzaji akasema, "Huyo ni nyongeza, fundi. Beba."

Miezi mitatu baadaye
cherehani yangu hapa Huruma, orofa ya nne,
ina mwindaji chini yake.
Nikikanyaga pedali anatikisa makalio,
masikio yamelala, mboni imejaa jicho zima,
kisha, twa!
kifundo cha mguu wangu kimekuwa swala.

Mshono ukaenda upogo kwenye sketi ya shule.
Bi Kerubo nikamwekea mfuko upande usio wake,
na alipokuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake
Zipu alijitupa kutoka juu ya kabati
akaning'inia kwenye pindo kama deni.
"Fundi," mama akauliza, "huyu ni paka
au ni askari wa kanjo?"

Siku hiyo nilimpiga kofi. Nakiri.
Kofi dogo, la vidole viwili.
Hakukimbia. Alirudi na miguu yote minne,
akaukumbatia mkono wangu kwa ya mbele,
akaupiga mateke kwa ya nyuma,
maana kwake lile kofi lilikuwa zamu yangu
na sasa ilikuwa yake.

Naliaka wa chumba cha pili, anayesomea mifugo Kabete,
aliitazama mikwaruzo yangu bila kunipa pole.
"Nani alimfundisha kwamba vidole ni panya?"
Nikanyamaza. Ni mimi.
Enzi zile alipokuwa akienea ndani ya kikombe
nilimchezesha kwa kidole gumba kila jioni,
nikicheka, stima ikipotea, redio ikikoroma.
"Hana hasira," akasema. "Hana ndugu.
Ndugu angemng'ata sikio, naye angejua
mahali utani unapoishia.
Akikushika usivute mkono, kinachokimbia huliwa.
Uwe gogo. Akiachia, inuka uende zako.
Halafu umpe cha kuua."

Basi nikawa gogo.
Si rahisi kuwa gogo kucha zimezama kwenye kigimbi
na pasi ya makaa inakungoja.
Nilihesabu hadi kumi, kwa Kikamba, polepole,
kama mamangu alivyohesabu kabla ya kunijibu.
Zipu akalegeza. Akanitazama
kama mteja aliyekuta duka limefungwa.

Nikamshonea panya wa kitenge,
tumbo la vipande, mkia wa lastiki,
nikamfunga kwenye futikamba ya zamani
iliyofutika namba mpaka ishirini na tatu.
Saa kumi na mbili jioni, kabla ya omena,
namburuta chini ya meza, namficha nyuma ya kiti,
simpeleki kinywani (panya gani hujipeleka?)
mpaka Zipu amrukie, amng'ate shingo,
ampige mateke ya tumbo, pamba zitoke.
Nashona tena.
Panya huyu amekufa mara kumi na nne.

Sitasema amepona. Jana saa kumi alfajiri
aliwinda kidole changu cha mguu kupitia blanketi,
nami nikasahau ugogo, nikapiga yowe
hadi Wafula wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Leo mvua imepiga mabati ya ngazi mchana kutwa.
Hakuna mteja. Mkono niliuacha mezani tu,
bila mkasi, bila subana, bila omena.
Akaja. Akanusa kovu alilolichora mwenyewe mwezi Mei.
Akafungua mdomo, nikaiona zipu yote.
Nikawa gogo.
Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga,
ila hawakumjua huyu.
Ulimi wake ni msasa.
Nilikuwa nimefika saba, kwa Kikamba,
nikaacha kuhesabu.